Mfumo wa Wateja Uandikwe, Usibofywe

Mwaka 2004, huko California, kampuni ya SugarCRM ilitoa mfumo wa kusimamia wateja (kwa kifupi CRM) ambao yeyote aliruhusiwa kuupakua, kuusoma msimbo wake, yaani maandishi ya programu yanayouendesha, na kuubadilisha apendavyo. Salesforce ilikuwa na miaka mitano tu tangu ianzishwe, ikikodisha huduma ya namna hiyo kwa njia ya intaneti na kutoza kwa kila kichwa cha mtumiaji. Sugar ilipata wafuasi wengi. Kisha, kufikia 2013, kampuni ikaelekeza nguvu zake kwenye toleo la 7, la kulipia, na toleo la bure likabaki katika mfululizo wa 6. Mwaka huo huo kampuni ya SalesAgility ya Uskoti ikauchukua msimbo wa 6.5, ambao leseni yake ilimruhusu yeyote kuuendeleza, ikazalisha SuiteCRM. Mfumo huo ungali hai.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa programu huria, nami nakubali kwamba ni ushindi. Ila kina nusu nyingine ambayo haisemwi sana. Aliyekuwa ameweka mabadiliko yake kwenye folda ya custom, ambayo Sugar iliitenga kwa kazi hiyo, aliweza kuhamia SuiteCRM akiwa nayo mkononi. Aliyekuwa amefungua faili za kiini, yaani za mfumo wa asili wenyewe, na kuchomeka mistari yake humo, bila kuandika popote alichogusa, alibaki na kazi ya kulinganisha faili moja baada ya nyingine na toleo la asili ili ajue kipi ni chake na kipi ni cha Sugar. Wote wawili walikuwa na leseni moja na haki zile zile.

Leseni huria inakupa ruhusa ya kuubadilisha mfumo. Uwezo wa kuendelea kuubadilisha mwaka wa tatu, wa tano, baada ya fundi wa kwanza kuondoka na matoleo mapya kutoka, unatokana na jinsi mabadiliko yako yalivyohifadhiwa. Msimamo wangu ni kwamba kila badiliko la maana kwenye CRM huria liandikwe kama msimbo: liwe kwenye faili, nje ya kiini cha mfumo, ndani ya hazina ya msimbo (ghala la faili linalotunza kumbukumbu ya kila badiliko) inayomilikiwa na kampuni yenyewe, likiwa na maelezo ya kwa nini limefanywa. Kubofya moja kwa moja kwenye mfumo ulio hewani, yaani ule unaotumika kazini, kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia mtu ambaye hakuwepo siku ile.

Kwanza tukubaliane kwamba mabadiliko hayakwepeki, hasa kwetu. CRM nyingi, za kulipia na huria, zimerithi umbo la mauzo ya kampuni kwa kampuni: kuna kampuni, ndani ya kampuni kuna watu wa kuwasiliana nao, na juu yao kuna fursa ya mauzo yenye kiasi cha fedha, hatua, na tarehe inayotarajiwa kufungwa. Fursa ikifungwa, muuzaji anapongezwa na kazi yake kuu imekwisha.

Sasa chukua biashara inayouza mitambo midogo ya sola kwa mkopo katika vijiji vya Kanda ya Ziwa. Aliyesaini mkataba ni mama wa nyumba. Simu iliyoandikwa ni ya mwanawe aliye mjini, ndiye anayetuma marejesho kila wiki. Mdhamini ni jirani. Anwani ni nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Hakuna kampuni hapo, na mteja mmoja amegawanyika katika watu watatu: mwenye mkataba, mlipaji na mdhamini. Zaidi ya hapo, siku mkataba unaposainiwa ndiyo siku uhusiano na mteja unapoanza. Miezi kumi na minane ya marejesho iko mbele, na thamani yote ya biashara imo katika miezi hiyo. Mfumo unaoihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa safari unamfundisha wakala kumsahau mteja wakati ule ule anapopaswa kumkumbuka.

Au chukua taasisi inayokopesha VICOBA, vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana. Mkopo ni wa kikundi. Mwanachama anaweza kuwa katika vikundi viwili. Mwenyekiti wa mwaka huu ni mwanachama wa kawaida mwakani, na pakitokea mgogoro utahitaji kujua nani alikuwa mwenyekiti siku ile mkopo ulipotolewa. Hilo halitatuliwi kwa kuongeza kisanduku kimoja cha kujaza. Linahitaji uhusiano wa wengi kwa wengi, wenye cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma.

Mfumo usipolingana na biashara, wafanyakazi hawagomi. Wanajaza. Kila kisichokuwa na mahali pake hutupwa kwenye kisanduku cha maelezo: jina la mdhamini, namba ya pili ya simu, ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Baada ya mwaka mmoja maarifa yote muhimu ya biashara yamelala kwenye aya ambazo hakuna ripoti inayoweza kuzihesabu. Kwa hiyo mtu anayebadilisha CRM hapambi. Anaandika jinsi biashara inavyowaelewa wateja wake, na kazi hiyo inastahili uangalifu ule ule tunaoupa mkataba au hesabu za mwaka.

Hata jambo linaloonekana dogo lina uzito. Namba ya simu ndiyo kitambulisho halisi cha mteja katika Afrika Mashariki, kwa sababu fedha hupita humo. Wakala mmoja ataiandika kwa kuanza na sifuri, mwingine kwa 255, wa tatu kwa alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Kompyuta inaona wateja watatu. Suluhisho ni mistari michache ya msimbo inayogeuza kila namba kuwa katika umbo moja la kimataifa kabla haijahifadhiwa, pamoja na majaribio yanayothibitisha kwamba namba ya Tanzania na ya Kenya zote zinatoka sawa na kwamba namba pungufu inakataliwa.

Nimeona pia mifumo inayokisia mtandao wa mteja kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Kenya iliruhusu watu kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011, Tanzania 2017. Kanuni hiyo imepitwa na wakati kwa miaka mingi. Ikiwa imeandikwa kwenye faili, atakayekuja ataisoma na kuifuta kwa dakika moja. Ikiwa imejificha ndani ya kanuni ya kiotomatiki iliyobofywa na mtu aliyekwishaondoka, itaendelea kupeleka malipo mahali pasipo, na hakuna atakayejua itafutwe wapi.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu CRM yoyote huria ni hili: nikibofya kuongeza kisanduku, badiliko hilo linaandikwa wapi? Majibu yanatofautiana sana, na tofauti hizo zina maana kuliko rangi za ukurasa au idadi ya vipengele.

EspoCRM inajibu vizuri. Ukiongeza kitu (aina ya rekodi) au kisanduku kipya kupitia ukurasa wa msimamizi, yenyewe huandika faili za JSON, maandishi ya kawaida yanayosomeka, katika folda yake ya custom, kisha amri ya kujenga upya hurekebisha majedwali ya kanzidata (ghala la data za mfumo) yafuate kilichoandikwa. Ukiiweka folda hiyo kwenye Git, programu ya kutunza hazina ya msimbo, hata mtu asiyejua kuandika msimbo anaacha alama inayosomeka.

SuiteCRM ni ngumu zaidi. Zana yake ya kubofya, Studio, huandika sehemu moja kwenye faili za PHP (lugha ya msimbo wake) na sehemu nyingine ndani ya kanzidata: maelezo ya kisanduku kipya hukaa kwenye jedwali la fields_meta_data, na thamani zake kwenye jedwali pacha ambalo jina lake huishia na _cstm. Ukihifadhi folda peke yake, umehifadhi nusu ya badiliko. Anayeamini ana nakala rudufu ya mabadiliko yake kwa sababu amenakili faili, siku ya kuhamisha seva atashangaa fomu zinafunguka zikiwa na mapengo.

Frappe, msingi wa ERPNext, mfumo huria wa kuendesha biashara kutoka Mumbai, inajenga kila kitu kwa DocType, yaani maelezo ya aina moja ya rekodi na visanduku vyake. DocType ya programu yako ni faili ya JSON inayokaa kando ya msimbo wa Python, na hapo mambo ni safi. Lakini kisanduku ulichokiongeza kwa kubofya kwenye mfumo ulio hewani ni rekodi ndani ya kanzidata ya mfumo huo mmoja. Ni lazima ukitoe kwa makusudi, kiingie kwenye programu yako, ndipo amri ya bench migrate itakapokipeleka kwenye seva nyingine. Wengi hawaifanyi hatua hiyo ya katikati, nami nadhani ni kwa sababu hakuna kinachowalazimisha.

Kwa Odoo, iliyoanza Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, zana ya kubofya ipo kwenye toleo la kulipia tu. Anayetumia toleo huria anaandika moduli, kipande cha msimbo cha kuongezea: inarithi kitu cha asili, inakiongezea, na faili ya XML inasema kisanduku kipya kikae baada ya kipi. Wengi hulalamikia kunyimwa huko. Kwa jambo hili mahususi naona kunyimwa kumewafaa, kwa sababu kumewapeleka kwenye njia ambayo wangepaswa kuifuata hata kama wangekuwa na zana hiyo. Nayo Twenty, CRM changa ya mwaka 2023 iliyoandikwa kwa lugha ya TypeScript juu ya kanzidata ya PostgreSQL, imeelekea huko waziwazi: vitu, visanduku na mantiki ya biashara vinaweza kuandikwa kwenye faili za TypeScript na kupelekwa kwenye mfumo kwa amri.

Faida kubwa ya haya yote haionekani siku ya kwanza. Inaonekana siku ya kubadili kitu kilichokwishatumika. Tuseme meneja wa ufuatiliaji anataka hatua ya «Ameahidi» igawanywe mara mbili: aliyeahidi kwa tarehe maalumu na aliyeahidi bila tarehe. Kwa kubofya, ni kazi ya nusu dakika. Lakini rekodi elfu kadhaa za zamani bado zinashikilia neno la awali, ripoti ya mwezi inalihesabu, na ujumbe mfupi unaotumwa kila asubuhi unalitegemea. Katika msimbo, badiliko hilo linakuwa kifurushi kimoja: orodha mpya ya hatua, hati ya kuhamisha rekodi za zamani kulingana na kama zina tarehe au hazina, ripoti iliyorekebishwa, na jaribio. Linapita kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya data iliyofichwa majina. Mwenzako analisoma. Likiharibika, linarudishwa. Rekodi za wateja zilizokwishahamishwa hazirudi zenyewe, hivyo hati ya kuhamisha iandikwe pamoja na ya kurudisha, na nakala rudufu ichukuliwe kabla.

Na juu ya kifurushi hicho kuna ujumbe unaosema limefanywa kwa nini. Mimi huuthamini kuliko msimbo wenyewe. «Mikopo iliyopita siku 30 bila rejesho inahamia kwa afisa wa ufuatiliaji, kwa uamuzi wa kikao cha mikopo cha Machi.» Miaka miwili baadaye mtu mpya anakuta kanuni ya siku 30 na anajiuliza kama ni sheria ya nchi, sera ya kampuni au chaguo la fundi. Jibu liko pale pale, pamoja na jina la aliyeandika na tarehe. Ukurasa wa kubofya hauna mahali pa kuandika sababu, na sababu ndiyo inayopotea kwanza mfanyakazi anapoondoka.

Kuna wanaopinga kwa hoja nzito kuliko uvivu. Wanasema nguvu ya CRM za kisasa ni kumpa meneja wa mauzo uwezo wa kurekebisha mambo mwenyewe bila kumsubiri mtaalamu wa kompyuta, na kwamba kulazimisha kila kitu kipite kwenye msimbo ni kumrudisha kwenye foleni. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Meneja anayesubiri wiki tatu ili apate kisanduku kimoja atarudi kwenye Excel, na hakuna atakayemlaumu. Kwa hiyo mipaka ichorwe kwa busara. Vichujio, mpangilio wa orodha, ripoti za mtu binafsi na violezo vya barua viachwe vibofywe, maana vikikosewa havimharibii mwingine kazi. Kilicho cha wote ndicho kiandikwe: vitu na uhusiano wake, hatua, haki za kuona na kuhariri, kanuni za kiotomatiki, miunganisho na malipo ya simu. Tena hata hivyo meneja anaweza kubofya kwenye seva ya majaribio hadi aridhike, kisha fundi akayatoa mabadiliko yakawa faili. Kubofya ni njia nzuri ya kufikiri.

Duka la watu watatu halihitaji haya. Linahitaji daftari la wateja linaloaminika, na huduma ya kukodi inatosha. Mpaka, kwa maoni yangu, unavukwa pale ambapo mtu aliyeubadilisha mfumo si yule anayeutumia kila siku.

Suala la sheria linaipa hoja hii uzito mpya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe au zifutwe. CRM ya mikopo ina namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa Tanzania), picha za vitambulisho, wakati mwingine ramani ya nyumba ya mteja. Akija mteja akasema futeni taarifa zangu, kampuni inapaswa kujua ziko kwenye majedwali yapi, likiwemo lile lililoongezwa kwa haraka siku ya kampeni. Haki za kuona zikiwa kwenye faili, unaweza kuandika jaribio linaloingia kama wakala wa wilaya moja na kuthibitisha kwamba haoni namba za vitambulisho za wilaya nyingine, na jaribio hilo likarudiwa kila badiliko linapofanyika. Zikiwa zimebofywa, unategemea kumbukumbu ya aliyezibofya. Niongeze hapa hapa: hazina ya msimbo isiwekwe data za wateja wala nywila za miunganisho. Git haisahau kirahisi, na nywila iliyoingia mara moja ihesabiwe imevuja.

Kuna haki nyingine ambayo wamiliki wengi wa biashara hawaijui. SuiteCRM, EspoCRM na Twenty zinatumia leseni ya AGPL, ambayo toleo lake la 3 lilichapishwa mwaka 2007. Leseni hiyo inasema kwamba aliyeubadilisha mfumo na kuwahudumia watu wengine nao kupitia mtandao lazima awape watumiaji hao nafasi ya kupata msimbo uliobadilishwa. Maana yake ni kwamba mkandarasi anayekukodishia CRM ya namna hiyo kwenye seva yake, ikiwa ameurekebisha msimbo wake, hana ruhusa ya kukuambia marekebisho hayo ni siri ya kampuni yake. Uliza. Uulize kwa barua, ukitaja leseni kwa jina.

Wala tusijidanganye kwamba nidhamu hii ni ya Ulaya au Marekani. Eldoret, Kenya, ilianza kuutumia OpenMRS kupitia mpango wa afya wa AMPATH mwaka 2006, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ambao kiini chake ni kamusi ya dhana: hospitali ikitaka kurekodi kipimo kipya inaongeza dhana kwenye kamusi, na majedwali ya msingi hayaguswi. Kenya iliweka DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya, ya kitaifa mtandaoni mwaka 2011, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu waliokuwa wakiurekebisha na kuuendeleza mfumo huo kwa miaka. Katika DHIS2 maelezo ya fomu na viashiria hutolewa kama faili za JSON na kupelekwa kutoka seva moja hadi nyingine. Vijana waliojifunza kutenganisha kiini na mabadiliko wapo, wamefanya kazi hiyo katika sekta ya afya, mara nyingi kwa fedha za wafadhili. Sekta binafsi inayoajiri fundi wa «kuweka CRM» kwa wiki mbili haijawatafuta, na inapowapata haiwapi muda wa kufanya kazi kama walivyozoea.

Katika mkataba wa kazi hii, kabla ya bei na kabla ya orodha ya vipengele, ningeweka mambo mawili. Akaunti ya hazina ya msimbo iwe ya kampuni tangu siku ya kwanza, fundi akiwa mgeni aliyealikwa humo. Na kabla ya malipo ya mwisho lifanyike zoezi la kuujenga mfumo upya: seva tupu, hazina ya msimbo, nakala rudufu ya usiku uliopita, nywila kutoka zinakotunzwa, na mtu ambaye hakushiriki kuujenga, akifuata maelekezo yaliyoandikwa tu. Mfumo uinuke, majaribio yapite, idadi ya wateja na jumla ya madeni zilingane na za mfumo ulio hewani. Kikikosekana kisanduku, ripoti au kanuni yoyote, ina maana kuna kitu kilibofywa na hakikuandikwa. Kiandikwe, seva ifutwe, zoezi lirudiwe tangu mwanzo, na hundi isubiri.